Mhadhiri Nisiyeruhusiwa Kusema Naye

Kwa aliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, habari zangu kwa ufupi ni mbaya.

Mimi ni Aseri, mratibu wa kozi ya jioni ya usimamizi wa usalama wa mtandao katika chuo kikuu kimoja hapa Suva, mji mkuu wa visiwa vyetu. Wanafunzi wangu ni watu wazima wenye kazi zao: makarani wa benki, watu wa forodha, na askari polisi mmoja anayekaa mstari wa mbele na kuuliza maswali ya mstari wa nyuma. Kozi inahitaji mhadhiri mmoja tu wa muda, wa kuja jioni na kurudi kwake. Nimeshapoteza wawili.

Wa kwanza alihamia Auckland, akaniaga akiwa ameshafika. Wa pili alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi watu wanavyochagua maneno ya siri kizembe, akaweka ukutani neno la siri la Mkuu wetu wa Kitivo, Profesa Pascoe. Lilikuwa jina la mbwa wake. Mhadhiri aliondoka siku hiyo hiyo. Mbwa alibaki.

Baada ya hapo Profesa aliniita, akaniambia kwamba muhula ukifunguliwa bila mhadhiri, kozi inafutwa, na mratibu wa kozi iliyofutwa hana cha kuratibu. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayekukumbusha mwavuli.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika kitasa cha mlango wa chumba cha usaili. Waombaji walikuwa watatu. Mmoja aliamini kwamba kompyuta ikizimwa usiku haiwezi kuibiwa. Mwingine alituomba kwanza tumsaidie kuingia kwenye barua pepe yake. Aliyebaki nje alikuwa mmoja.

Nikafungua mlango.

Aliingia mwanamke wa rika langu, sulu nyeusi ya kufunga kiunoni, iliyopigwa pasi, mwavuli ameuacha nje kama watu wenye adabu. Salaseini Raikoti. Alikuwa msimamizi wa usalama wa mifumo katika benki moja hapa mjini, na benki ilikuwa imemruhusu kufundisha jioni. Nilimtazama mwenzangu wa jopo, Dk. Urmila Prasad, naye akanitazama. Tulikuwa tumepata mtu.

Ningemsomea maswali yaliyoandikwa, leo ningekuwa mtu mwenye furaha. Idara ya utumishi ilitupa maswali yamechapwa vizuri, na chini yake onyo: msimuulize mwombaji kabila, dini wala ukoo. Lakini mtu hawezi kuingia, akakaa, akamiminiwa chai, halafu usimuulize kwao ni wapi. Mama yangu angetoka kisiwani Taveuni kwa miguu, bahari ikiwepo, aje kunizaba kibao.

Kwa hiyo nikauliza.

Akasema Raikoti ni jina la mume, mtu wa Rewa. Yeye kwa mama ni mtu wa Taveuni. Nikafurahi. Nikamuuliza kijiji gani, akataja kijiji chetu. Nikafurahi zaidi, mjinga mimi. Nikamuuliza nyumba ya nani, akamtaja bibi yake.

Nikaweka kikombe chini.

Bibi yake na bibi yangu ni dada wa tumbo moja. Maana yake mama zetu wanaitana dada. Maana yake Salaseini ni dada yangu, na kwetu kaka na dada wakishakua hawasemezani. Hawatazamani usoni, hawatumiani ujumbe, hawakai mahali wakapeana maneno mdomo kwa mdomo. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima hiyo ina nguvu kuliko ugomvi wowote niliowahi kuuona. Watu wa mjini wameanza kuilegeza. Mama yangu hajaanza.

Naye aliuona uso wangu, akaelewa. Akainamisha macho. Tukabaki hivyo, wote wawili tukiitazama sahani moja ya biskuti.

Urmila ni Mhindi wa mji wa Ba, babu zake waliletwa huku kukata miwa, na amekaa nasi kiasi cha kutujua kuliko tunavyopenda. Akaniinamia sikioni.

“Bibi?”

“Bibi.”

“Upande wa mama?”

“Wa mama.”

Akasimama, akakibeba kiti chake, akakitua katikati yangu na mwombaji. “Haya, kaka,” akasema. “Maneno yenu pitishieni kwangu.”

Profesa Pascoe, aliyekuwa akiongoza jopo letu, ni mtu wa Adelaide. Amekuwa Suva miaka ya kutosha kununua mashati ya maua, lakini mambo haya hayamo kwenye mashati. Aliniona namwambia Urmila, “Muulize mwombaji atawafundishaje watu wa benki kutotii ujumbe wa uongo unaojifanya umetoka kwa bosi.” Akamwona Urmila, aliyekaa kati ya watu wanaosikilizana vizuri kabisa, analirudia swali zima. Akamsikia Salaseini akianza, “Mwambie Mratibu kwamba…”

“Kwa nini mnapitishiana?” akauliza.

“Utaratibu,” Urmila akasema.

Profesa anaheshimu sana utaratibu. Akaandika kitu.

Jibu la Salaseini nitawapa lote, kwa sababu ndilo lililoniponza baadaye.

“Mwambie Mratibu kwamba watu wetu si kwamba hawajui. Wanajua. Wanaona haya kukataa. Akija ndugu akaomba, sisi hatukatai, tunatoa halafu tunalia jikoni. Kwa hiyo mimi siwafundishi kukataa. Nawafundisha kusema, ‘Sawa, nitakuletea kupitia kwa fulani.’ Kukataa ni aibu. Kupitisha si aibu. Na mwizi hapendi kupitishwa, kwa sababu fulani atauliza.”

Urmila hakulirudia. Alisahau kazi yake, akabaki anamtazama. Mimi nilimpa alama za juu kabisa, kichwa nimekiinamisha kwenye biskuti.

Mwombaji alipotoka nikatimiza wajibu. Nikamwambia Profesa kwamba yule mwanamke ni ndugu yangu, na kama kuna mgongano wa maslahi niko tayari kujitoa.

“Mnajuana vizuri?” akauliza.

“Hatujawahi kuzungumza.”

“Hata mara moja?”

“Hata leo.”

Profesa akafikiri. “Basi hakuna mgongano,” akasema. “Mwajirini.”

Nilirudi ofisini nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimepata mhadhiri bora kuliko wote walioomba tangu kozi ianzishwe, na sikuwa na hata ruhusa ya kumpongeza. Nilimtuma Urmila.

Kilichobaki kilikuwa mkataba. Mikataba inatoka idara ya utumishi, na ya Suva haina haraka. Nilikuwa na Ijumaa moja tu kabla ya muhula kufunguliwa Jumatatu, na kule utumishi nilikuwa na Vereniki.

Vereniki ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu wa damu. Mtani anaweza kuchukua shati lako kwenye kamba, akalivaa, halafu akakuuliza kwa nini hukulipiga pasi. Nawe unatakiwa ucheke. Usipocheka, hadithi inafika kijijini kabla yako.

Nilimkuta alasiri nyuma ya ofisi yao, wamekaa mkekani kuzunguka bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi kinachotia ulimi ganzi. Ijumaa ofisi nyingi za hapa hufunga kabla hazijafunga. Palikuwa na mzee wa stoo, dereva wa Profesa, vijana wawili wa kompyuta, na wengine waliokuja kujikinga mvua wakakaa. Nikakaribishwa, nikapiga kofi moja, nikanywa, wakapiga makofi.

“Mtani,” nikasema, “mkataba wa mhadhiri wangu.”

“Upo. Umelala. Vyeti vyake viko wapi?”

Viko kwenye barua pepe yangu, nikamwambia. Nitarudi ofisini nivitume. Mvua ilikuwa inapiga bati na zamu yangu ya bakuli ilikuwa inarudi.

“Utalowa bure,” Vereniki akasema. “Nipe neno lako la siri, nivitoe mwenyewe. Jumatatu asubuhi mkataba uko mezani kwako.”

“Hilo sitoi.”

Alikuwa akilingoja neno hilo. Akawageukia wenzake, uso mkavu.

“Jamani, mpisheni nafasi. Huyu ni mtu wa usalama. Mkewe akimwomba chumvi anamdai kitambulisho.”

Wakacheka.

“Juzi alikula kwangu. Alipoondoka tulihesabu vijiko, tukakuta kimezidi kimoja. Alikuja na chake, hatuamini.”

Mzee wa stoo alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikacheka, maana ndiyo sheria. Lakini nilijua ameshashinda. Kumkatalia mtani mbele ya bakuli ni kujitangazia bahili, na mimi ningesikia habari ya vijiko mpaka kwenye mazishi yangu. Nikamwinamia, nikamnong’oneza lile neno sikioni.

“Herufi ya kwanza kubwa?” akauliza, kwa sauti ya mnadi samaki.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akalirudia lote, polepole, ili asikosee. Kisha akalirudia tena. Mzee wa stoo akapiga makofi ya heshima, kama mtu anapomaliza kikombe.

Nikamtajia mhadhiri mwenyewe ni nani na kwao ni wapi. Vereniki akageuka. “Salaseini wa Taveuni? Yule alinisukuma mtoni likizo nzima kwa bibi yake.”

“Unamjua?”

“Mimi namjua. Wewe huruhusiwi kumjua. Kunywa.”

Nikanywa. Ninajua mnachokifikiria, nami nimeshakifikiria. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsikia mwanamke yule akieleza ugonjwa wetu na dawa yake, nikampa alama za juu. Ningeweza kusema, “Sawa, nitakuletea kupitia kwa Urmila.” Yalikuwa maneno machache tu. Hayakunijia.

Jumatatu Urmila aliingia ofisini kwangu bila kubisha, maji yakimchuruzika. Hakukaa.

“Salaseini amenipigia,” akasema. “Anataka nikuulize kama jana ulimwandikia.”

“Mimi? Nimwandikie yeye?”

“Alisema ndivyo utakavyojibu.”

Akanisomea. Barua imetoka kwenye anwani yangu, ina jina langu, cheo changu na ile picha yangu ndogo niliyopigwa nikiwa na nywele. Inamwomba mhadhiri mpya atume neno lake la siri la kazini ili chuo kimfungulie mfumo haraka. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Mtu yeyote angeamini.

“Aliigunduaje?” nikauliza.

“Hakuigundua. Alisema alipoona umeandika kwake moja kwa moja, alijua hapohapo si wewe. Alisema ungekufa kwanza.”

Nilishukuru mababu wote kwa majina yao. Shukrani hizo zilidumu mpaka nilipofungua sanduku la barua zilizotumwa. Barua kama ile ilikuwa imekwenda pia kwa wanafunzi wangu wote. Na wao hawana mwiko na mimi.

Walikuwa wameanza kujibu. Karani wa benki alijibu. Mtu wa forodha alijibu, akaomba radhi kwa kuchelewa. Askari polisi ndiye aliyejibu wa kwanza kabisa, na kwa uhakika zaidi akaweka na la mkewe.

Profesa Pascoe alipelekewa nakala, naye alikuwa amejibu. Ana mbwa mpya.

Niliogopa. Sisemi kwa mapambo. Hawa ni watu waliotumwa na ofisi zao waje kwangu wajifunze kujilinda, nami hata darasa halijafunguliwa nimeshawaibia. Urmila alichomoa simu yangu, akatoka nayo koridoni kuwapigia mmoja mmoja wabadilishe maneno yao, na hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Vereniki akatokea mlangoni, mkavu, anatabasamu, ameshika bahasha. Ndani yake mkataba wa Salaseini, umesainiwa na kila mtu anayetakiwa.

“Nimeahidi, nimetimiza,” akasema.

Nikafunga mlango, nikamweleza. Tabasamu likaondoka polepole.

“Mimi sikuandika, mtani.”

“Neno la siri ulikuwa nalo wewe.”

“Nililisahau. Ilibidi jioni ile nimpigie dereva anikumbushe.”

“Dereva alikuwa analikumbuka?”

“Wote walikuwa wanalikumbuka. Mzee wa stoo amelifanyia wimbo.”

Nilikaa chini. Akasogea, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu tuvae kaptula za shule hakukuwa na mzaha ndani yake. “Usinitaje. Ukinitaja natoka kazini leo, na nyumba ninayokaa ni ya kazi. Umeomba mkataba, nimekupa. Usinitaje, Aseri.”

Hajawahi kuniita Aseri. Siku zote ni mtani.

Sikumwahidi. Wala sikumkatalia. Mnaona, sijapona.

Mchana Profesa alituita mimi na Urmila. Hakupiga kelele, watu wa Adelaide wakikasirika wanapanga kalamu. Alipanga kalamu zake zote. Akasema wanafunzi wanaingia jioni hii kwa darasa la kwanza, na kabla hawajaingia anataka kujua neno langu la siri lilitoka kwa nani likaenda kwa nani. Akipata jibu la kuaminika, kozi inaendelea. Asipolipata, atawasubiri mlangoni mwenyewe awaambie warudi nyumbani, kozi imefutwa.

Tukamuuliza nani atafanya uchunguzi. Vijana wa kompyuta hawafai, akasema, kwa sababu hajui kama nao wamo. Sikusema lolote kuhusu vijana wa kompyuta na mkeka.

“Atakayechunguza ni Bi. Raikoti,” akasema. “Mkataba wake umeanza leo. Ndiye mtu pekee aliyeletewa barua ile akaikataa.”

Urmila akasema vizuri sana, naye atakuwepo kusaidia mahojiano.

“Hapana. Wewe ulikaa naye kwenye jopo. Kanuni inasema mchunguzi na mhojiwa, wawili tu, mlango umefungwa.”

“Profesa,” nikasema, “kuna ugumu. Yule ni dada yangu.”

“Uliniambia hamjawahi kuzungumza.”

“Ndiyo.”

“Basi ndiyo maana anafaa,” akasema Profesa, akaisogeza kalamu ya mwisho ikakaa mstarini.

Urmila alijaribu kumweleza. Alieleza bibi, alieleza mama, akaeleza mpaka mimi mwenyewe nikaona ni jambo la ajabu. Profesa alisikiliza yote kwa adabu. Mwishoni akauliza kama kuna sheria ya nchi inayokataza. Hakuna. Akatazama saa.

Tukapewa chumba kidogo cha chai cha ghorofa ya juu. Meza moja, viti viwili, dirisha la mvua, na birika la umeme lisilochomekwa popote. Niliingia kwanza, nikageuza kiti changu kikatazama dirishani. Nikamsikia anaingia. Nikamsikia naye anageuza chake kikatazama ukuta. Mlango ukafungwa.

Tukakaa. Mvua ikanyesha. Chini uwanjani niliiona miavuli ya kwanza inaingia getini, na mmojawapo ulikuwa wa polisi.

Nilijaribu kutafuta njia. Kumwandikia ni mwiko kama kumsemesha. Kumwimbia ndiyo usiseme. Nilikuwa karibu kutoka nikaifute kozi mwenyewe.

“Birika,” Salaseini akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Birika, humu ndani huenda kuna mtu anayejua nani mwingine alikuwa na neno lake la siri.”

Lilikuwa birika la plastiki, mdomo umepasuka. Sijawahi kukipenda kitu cha ofisi namna ile.

“Birika,” nikasema, “mwambie anayeuliza kwamba yupo.”

Basi tukaenda hivyo. Akaliuliza birika, nami nikalijibu birika. Nikaliambia habari ya vyeti, na mvua, na bakuli. Nikaliambia neno lilisemwa kwa sauti mbele ya watu wote wa mkekani, nikawataja: mzee wa stoo, dereva, vijana wa kompyuta, na waliokuja kujikinga mvua. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu mbele ya mtu anayenitazama.

“Birika, huyo mtu alikuwa amesikia jibu la usaili, lile la kupitisha?”

“Mwambie alilisikia.”

“Alilielewa?”

“Mwambie alilipa alama za juu.”

Kiti chake kikalia kidogo. Sijui kama alikuwa anacheka, siruhusiwi kutazama.

“Birika, aliyeliomba neno hilo mwanzo, aliyenong’onezwa, ni nani?”

Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Nikaitazama miavuli. Sasa ilikuwa mingi, imejipanga chini ya ukuta, watu wazima na mabegi yao wakisubiri kufundishwa.

“Mwambie ni jamaa mmoja wa utumishi,” nikasema. “Alikuwa anataka kunisaidia.”

“Birika, jamaa ana jina.”

Birika halikujibu, kwa sababu mimi sikujibu.

Kisha akaanza kusema polepole, akiupa ukuta maneno, na sauti yake haikuwa tena ya kazini.

“Birika, nikuambie kitu ambacho sijamwambia Urmila. Barua za wanafunzi zote zinaanza na ‘Ndugu mwanafunzi.’ Yangu haianzi hivyo. Yangu inaanza na ‘Lolo.’ Nilikuwa mtoto mlafi. Bibi akikamua nazi, nakunywa tui kabla halijafika chunguni. Wakaniita Lolo, Tui. Mume wangu halijui jina hilo. Benki hawalijui. Wanaolijua ni waliolala nyumbani kwa bibi wakati wa likizo.”

Nikayashusha macho sakafuni.

“Na aliyeandika si mtu wa mwiko na mimi, birika. Mtu wa mwiko hata akitaka kuiba, mkono ungemkataa. Huyu amezoea kuniita. Huyu tunataniana.”

Mtoni. Likizo nzima kwa bibi yake. Mama yake Salaseini na mama yangu wanaitana dada, kwa hiyo mjomba wangu ni mjomba wake, na mtoto wa mjomba wangu ni mtani wa sisi sote wawili. Sikuhitaji kompyuta. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu mawili mkekani, nikaambiwa ninywe, nikanywa.

Nikamkumbuka Vereniki mlangoni kwangu na bahasha kavu mkononi. *Usinitaje, Aseri.* Nikakumbuka shati langu alilolivaa harusini kwake. Nikakumbuka kwamba alisema hakuandika, na kwamba mimi nilitaka sana kumwamini.

Mlango ukagongwa. Profesa akasema kwa nje, kwa upole wake ule, kwamba wanafunzi wamefika, naye anashuka kwenda kuzungumza nao.

Nikasikia miguu ya kiti cha Salaseini inakwaruza sakafu. Haikukwaruza kuelekea mlangoni. Kiti kilikuwa kinageuka.

“Aseri,” akasema.

Si birika. Mimi. Nina umri wa mtu mzima na nina dada wengi, wa tumbo na wa ukoo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitamkia jina langu usoni. Nilihisi kama nimevuliwa shati mbele ya kanisa. Alikuwa ameuvunja mwiko yeye, mwanamke aliyeokolewa nao jana tu, na nilijua anajua alichokivunja.

“Aseri, ni Vereniki?”

Nje ya mlango nilimsikia mtani wangu anacheka koridoni na mtu, kicheko chake kilekile cha mkekani, kinakuja upande wetu.

Nikageuza kiti changu, nikainua macho, nikamtazama dada yangu usoni.